Sehemu Ambayo Haikuonyeshwa

Mtu akikohoa kwenye tamthilia, usimpende sana, maana hatamaliza msimu. Hiyo ni kanuni yangu, na kwa miaka sita niliyofanya kazi chini ya televisheni ya shangazi haijawahi kuniangusha. Tena mhusika akisema "nikirudi tutaoana", harudi huyo. Na pacha akitokea ghafla kutoka ng'ambo, ujue mwandishi ameishiwa, wewe zima kanyooshe mashuka. Nilikuwa nazo nyingi za namna hiyo, na nilizigawa bure kwa kila aliyeleta nguo dukani, atake asitake.

Duka lenyewe ni la dobi. Shangazi ndiye mwenye duka, na ndiye anayefua kule nyuma kwenye mashine. Mimi napiga pasi mbele, karibu na mlango. Televisheni aliitundika juu ya kabati la nguo zilizo tayari ili wateja wakisubiri wasinung'unike. Hakujua anamtafutia mtoto wa kaka yake ugonjwa. Watu wananiita Dada Pasi, na wapo waliokuwa wakileta shati moja tu, tena safi, ili wapate kuniuliza jana kulitokea nini.

Ugonjwa wangu mkubwa ulikuwa "Ghorofa ya Tisa". Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na nusu jioni. Ni hadithi ya hoteli moja, dada wa mapokezi na fundi wa lifti. Majina yao nayajua, lakini mimi nawaita Mapokezi na Fundi, na mama yake Fundi namwita Nyusi, kwa sababu nusu ya kazi yake anaifanya kwa nyusi. Wengi watakwambia sehemu bora ni ile ya hoteli kuungua. Hao hawajui kutazama. Sehemu bora ni ya arobaini na mbili, lifti inapokwama na wale wawili wanakaa humo dakika nane nzima bila kusema neno la maana. Anamuuliza saa ngapi. Anamjibu. Basi! Lakini zitazame zile nyuso. Mimi husema tamthilia haiko mdomoni mwa mtu, iko usoni. Maneno wameandikiwa, uso ni wao wenyewe.

Hayo ndiyo niliyomwambia Unga siku ya kwanza.

Unga ni mwoka mikate. Jina hilo alipewa na wenzake wa bekari, kwa sababu hata akioga mara mbili kuna unga unaobaki nyuma ya masikio. Anaingia kazini saa kumi jioni, kwa hiyo "Ghorofa ya Tisa" inapoanza mikono yake imezama kwenye kinyunga mpaka viwikoni. Burudani yao huko ni redio moja tu, na siku ya mpira wanaifungulia mpaka mwisho. Mwenyewe aliwahi kuniambia kwamba mikate ya siku hizo hutoka mikubwa au midogo kufuatana na magoli. Saa nne asubuhi, akishalala kidogo, alikuwa akiniletea sare nyeupe iliyochafuka na kuchukua nyingine iliyonyooshwa.

Siku hiyo, yapata miaka miwili sasa, alinikuta nabishana na Mwalimu. Huyu ni bibi mstaafu wa shule ya msingi, jirani yetu, na kwa tamthilia ananizidi hata mimi. Tulikuwa tunagombania kama Mapokezi alipaswa kumsamehe Fundi.

"Jamani," akasema Unga, "huyo Mapokezi ndiye nani?"

Nikamsimulia. Sehemu zote arobaini na mbili, huku nanyoosha sare yake, mpaka nikaichoma kola. Alipaona palipoungua, akacheka tu, akaondoka nayo vilevile. Kesho yake alikuja na mkate mdogo wenye ukoko mgumu, akavuta kigoda kilichokuwa kando ya meza yangu, akakaa.

"Enhe?" akasema. "Halafu?"

Hiyo "halafu" ikawa miaka miwili. Mara moja nilimwambia aitafute kwenye simu, mbona zimejaa. Akasema alishajaribu, akatazama dakika tano akaizima.

"Kwa nini?"

"Yule Mapokezi wao si kama wako. Wako ni mzuri zaidi."

"Mimi siongezi chumvi, Unga. Nasema nilichokiona."

"Najua. Nilikupima." Akaangalia chini, kwa haya. "Usinikasirikie. Mwezi mzima nilikuwa nikitoka hapa napita kwa Mwalimu, namuuliza jana ilikuwaje. Kila kitu sawa, mpaka rangi ya kitambaa cha kichwani. Sasa hivi wewe ukiniambia nje kuna mvua, natoka na mwavuli bila kuchungulia dirishani."

Sijui wenzangu huanzaje kupenda. Mimi nilianzia hapo, pasi ikiwa mkononi. Niliwahi kuambiwa mzuri, nikaambiwa mchapakazi, lakini kuaminiwa namna ile kulikuwa kugeni kwangu.

Nina miaka thelathini na tisa. Yeye ana thelathini na mmoja. Niliwahi kuolewa miaka minane, na katika miaka hiyo yote sikushika mimba hata moja. Madaktari wawili waliniambia nisitarajie. Unga nilimweleza mapema, maana kitu cha hivyo ukikificha kinaoza. Alinisikiliza kama anavyosikiliza tamthilia, bila kunikatiza, kisha akasema, "Mimi nimekuja kwa ajili yako. Sikuja kwa ajili ya mtu ambaye hajazaliwa." Jumapili iliyokuwa inakuja alikuwa awatume wajomba zake wawili kwa shangazi kuniposa. Shangazi alikuwa ameshanunua vikombe vipya, na kila siku akivitoa kwenye boksi kuviangalia.

Jumatano ya wiki hiyo, saa kumi na robo jioni, mama mmoja alisimama mlangoni akafuta miguu mara tatu kwenye kitambaa. Hatukuwahi kuonana, lakini Unga naye hufuta hivyohivyo, nikajua mara moja ni mama wa nani.

Mimi ni mtu wa tamthilia. Mama mkwe najua anavyoingia: muziki unabadilika, mkoba unapigwa mezani, nyusi zinapanda. Kwa huyo nilikuwa nimejiandaa zamani. Majibu nilikuwa nayo, mengine nimeyaiba kwa Mapokezi mwenyewe. Lakini huyu mama aliitikia shikamoo yangu kwa upole, akaomba maji ya kunywa. Nikaizima televisheni kwa heshima yake, nikamletea glasi, akaishika kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye unayenyoosha sare za mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Unanyoosha vizuri. Mimi mwenyewe sikuwahi kumnyooshea hivyo." Akanywa kidogo. "Sina ubaya na wewe, mwanangu. Nataka ulijue hilo kwanza."

"Nalijua, mama."

"Hulijui, ndiyo maana nakwambia. Nilizaa wawili. Mkubwa nilimzika, hakuacha mtoto. Nimebaki na huyu. Nyumba yangu ina vyumba vitatu, na ukikaa sebuleni unaisikia saa ya ukutani kutoka kila chumba. Ninachotaka ni kusikia mtoto akilia humo ndani kabla sijafa. Wenzangu wanazo kelele hizo mpaka zimewachosha."

Mapokezi hakuwahi kuambiwa maneno ya namna hiyo.

"Ameniambia yote juu yako, hakuficha," mama akaendelea. "Na mimi nikimwambia hapana, atakuchagua wewe. Namjua. Atakuchagua, na mimi atakuwa ananiletea mkate mlangoni bila kuingia ndani. Kwa hiyo yeye siwezi kumwambia. Nimekuja kukuomba wewe."

"Kuniomba nini, mama?" nikauliza, na huku najua.

"Wewe ni mkubwa kwake, unaona mbele. Leo anasema mtoto si kitu. Na mume wako wa kwanza, mwanzoni alisemaje?"

Angepiga meza ningemshinda. Lakini aliuliza taratibu, kama mtu anayetaka kujua kweli, na mimi nikakumbuka. Mume wangu naye alisema ananitaka mimi tu. Mwaka wa tano akaanza kuwabeba watoto wa majirani, akiwatembeza uani mpaka mama zao waje kuwachukua. Mwaka wa nane akaondoka, na wala hakuwa mtu mbaya. Akilini nikamwona Unga akiwa na mtoto wa jirani begani, nikaona siwezi kulitazama jambo hilo mara ya pili.

"Nimekusikia, mama," nikasema.

"Usimwambie nimekuja."

"Simwambii."

Aliisuuza glasi yake mwenyewe kwenye sinki, akaipindua kwenye kitambaa, akaondoka. Sikuiwasha tena televisheni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ianze kuikosa "Ghorofa ya Tisa", na wala sikuikumbuka. Nilinyoosha mashati saba ya mteja mmoja, nikayakunja vibaya, nikayakunjua yote nikaanza upya.

Kumwambia Unga "niache" nikiwa namtazama, nisingeweza. Angeniuliza kwa nini, na kwa maswali yake mimi simwezi. Kusimulia ndiko ninakoweza. Basi nikapanga nimsimulie sehemu ya jana, kwamba Mapokezi amemwacha Fundi, nimzoeshe kwanza na habari ya kuachana, halafu siku inayofuata nimwambie langu. Sikuwa nimeitazama, lakini nani angejua? Nikatafuta maneno ya kumwachia Fundi, nikachukua yale ambayo hayajawahi kushindwa kwenye tamthilia yoyote: "Sijawahi kukupenda." Mtazamaji akiyasikia hayo hashtuki, anajua ni uongo, kwa sababu anauona uso wa anayeyasema. Mimi mwenyewe nimeyalilia mara kumi na nane, nikihesabu na ile tamthilia ya wanasheria.

Alhamisi saa nne asubuhi, Unga alifuta miguu mlangoni mara tatu. Alikuwa anacheka peke yake, ule mcheko wa mtu aliyekuja na jambo. Akatupa sare chafu kapuni, akaweka mkate mezani.

"Leo nasimulia mimi," akasema. "Leo zamu yangu, wewe nyoosha tu."

"Kaa chini," nikamwambia. "Jana kulikuwa na makubwa."

Akanitazama. Akainua macho kwenye televisheni, ambayo ilikuwa imezimwa, akanitazama tena.

"Jana?"

"Jana, ndiyo. Ghorofa ya Tisa. Hebu kaa."

Akakaa polepole, kama mtu asiye na hakika kwamba kigoda kipo. Mimi nikageukia meza ya pasi, nikampa mgongo.

"Walikuwa pale mapokezi," nikaanza. "Hoteli tupu, hakuna mgeni hata mmoja. Fundi amekuja na furaha zake, kumwambia kwamba watu wake wako tayari kwenda kumposa."

"Enhe."

"Mapokezi akamwambia, waambie wasije."

Unga hakusema "halafu". Nikasubiri, hakuisema, ikabidi niendelee mwenyewe.

"Fundi akamuuliza kwa nini. Akamwambia, 'Sijawahi kukupenda. Nilikuzoea tu.'"

Kule nyuma mashine ya shangazi ilikuwa inazungusha, inagonga, inazungusha. Nilikuwa na shati la mtu mezani na sikujua tena ni mkono upi nimeshanyoosha.

"Na uso wake?" akauliza Unga.

"Nini?"

"Uso wake. Aliposema hivyo, ulikuwaje?"

Kwa miaka miwili hakuwahi kulazimika kuuliza hilo. Nyuso nilikuwa namwambia mimi mwenyewe, kabla hata ya maneno. Wakati huo machozi yalikuwa yananishuka mpaka kidevuni, moja likadondoka juu ya pasi likafanya shii, nikafungulia mvuke ili asisikie.

"Hawakuuonyesha," nikasema. "Kamera ilikuwa nyuma yake."

"Muda wote?"

"Muda wote."

"Hata alipomaliza kusema, hakugeuka?"

"Hakugeuka."

"Na Fundi akafanya nini?"

"Akaondoka."

"Hakubisha?"

"Mtu akikwambia hakupendi, Unga, utabisha nini?"

"Kweli," akasema. Nilisikia kigoda kikisukumwa. "Na wewe huongezi chumvi."

Nilipofuta uso nikageuka, alikuwa ameshatoka. Mkate ulikuwa mezani. Sare safi aliyokuja kuchukua, namba kumi na tisa, ilikuwa bado imetundikwa, na kikaratasi chake ameondoka nacho. Nikajiambia amechukia, si mara ya kwanza. Nyusi alipomfukuza Mapokezi kwenye sherehe, Unga alitoka hapa bila kuaga na siku mbili nzima hakutaka kusikia habari za hoteli. Kesho atarudi, nikasema, na kesho nitajikaza nimwambie langu.

Saa saba mchana Mwalimu akaingia na mapazia yake, amefura.

"Umeona walivyotufanyia jana?"

"Akina nani, Mwalimu?"

"Hao wa televisheni! Nimekaa na chai yangu, saa kumi na nusu juu ya alama, namsubiri Mapokezi, naona wanaume ishirini na wawili wanakimbizana. Mpira! Nikasema ngoja utaisha. Dakika za nyongeza. Haya, penalti. Mpaka taarifa ya habari! Eti sehemu yetu wataionyesha kesho."

"Hawakuionyesha kabisa?"

"Hata muziki wa mwanzo. Kwani wewe ulikuwa wapi? Mtaa mzima ulikuwa unapiga kelele."

Nikaweka pasi chini. Mwalimu aliendelea kulalamika, akanihesabia mapazia, akaondoka, na mimi sikumbuki nilimjibu nini.

Unga alikuwa bekari. Redio ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho, na bila shaka mtangazaji alisema mpira uko pia kwenye televisheni. Alikuja Alhamisi anacheka kwa sababu alijua sina cha kumsimulia, akasema leo zamu yake, na mimi nikamkatisha. Tangu neno langu la kwanza alijua kwamba jana Mapokezi hakuonekana kwenye televisheni yoyote, na kwamba anayemwambia watu wake wasije ni mimi. Akakaa akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza uso. Alikuwa anauliza uso wangu mimi. Aliuomba mara tatu, nami mara tatu nikamjibu kwamba hauonyeshwi.

Maneno yale hayafanyi kazi bila uso. Nani asiyelijua hilo? Mimi ndiye niliyemfundisha.

Nikachukua simu nikampigia. Ikaita mpaka ikakata. Nilipopiga tena ilikuwa imezimwa. Nikaandika ujumbe, nikaufuta, nikaandika mwingine mrefu zaidi, nikaufuta nao. Ningemwambia nini? Kwamba nilidanganya? Angeniuliza kwa nini, na jibu la swali hilo nilikuwa nimeahidi kutolitoa. Nilichoombwa kilikuwa kimetimia, tena kwa dakika tano tu. Nilipaswa kushukuru. Badala yake nilikaa juu ya kigoda chake nikalia mpaka shangazi akatoka nyuma na mikono yenye povu kuuliza nani amekufa.

"Hakuna, shangazi. Vikombe virudishe kwenye boksi."

Akanitazama, akajifuta mikono kwenye kanga, akakaa sakafuni kando yangu.

Ijumaa saa nne ikaja ikapita. Saa tano nikajifanya kupanga henga za nguo karibu na mlango. Saa sita nikaacha kujifanya. Saa kumi na robo jioni mtu akafuta miguu mara tatu, nikageuka haraka, kumbe aliyeingia alikuwa mama yake, na kikaratasi namba kumi na tisa mkononi.

"Nimetumwa sare," akasema.

"Iko tayari, mama."

Nilipanda kwenye kiti kuishusha. Yeye alisubiri chini, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili kama alivyoishika ile glasi.

"Nilikuja pia kukushukuru. Jana aliporudi aliniambia, 'Mama, waambie wajomba wasije.' Nikamuuliza kulikoni. Akasema, 'Hanipendi.' Nikamwambia, mwanangu, watu husema mambo, huenda hakumaanisha. Sijui kwa nini nilimwambia hivyo, na mimi ndiye niliyelitaka. Lakini nilipomwona alivyokaa... Akanijibu, 'Mama, yule nimemsikiliza miaka miwili. Hajawahi kunisimulia uongo hata siku moja.'"

Nilikuwa nimesimama mbele yake na sare kwenye henga, sina pa kugeukia. Meza ya pasi ilikuwa nyuma yangu.

"Ni kweli?" akaniuliza kwa sauti ya chini. "Humpendi?"

Na akaniangalia usoni.

Sikusema neno. Lakini aliona. Nyuso nazijua, ndiyo kazi yangu ya pili, na nilimwona akiona: macho yalikwenda kwenye macho yangu, yakashuka mdomoni, yakarudi, yakajaa maji. Akafungua mdomo. Nikangoja. Namwambia Mungu ukweli, nilingoja anifungue ile ahadi, aseme neno moja tu, nitoke mbio na pasi ikiwa bado ya moto.

Akaufunga mdomo. Akanyoosha mkono akaipokea sare.

"Nimwambie lolote?" akauliza, na sasa alikuwa anaitazama sakafu.

"Mwambie kifungo cha pili kilikuwa kimelegea," nikasema. "Nimekikaza."

"Nitamwambia."

Alikwenda mpaka mlangoni. Pale akasimama, mgongo kwangu, mabega yakapanda na kushuka. Sikuweza kuuona uso wake. Kisha akateremka ngazi, sare nyeupe ameibeba juu juu isiguse chini, akaingia barabarani kati ya watu.

Saa kumi na nusu muziki wa "Ghorofa ya Tisa" ukaanza. Mkono wangu ulikuwa umeiwasha televisheni kwa mazoea. Ilikuwa sehemu ile ya Jumatano, ile niliyokwisha kuisimulia. Hapakuwa na kuachana. Fundi alikuja mapokezi, hoteli imejaa wageni, akamuuliza Mapokezi kama kesho atakuwa zamu ya asubuhi au ya mchana. Mapokezi akamwambia ya asubuhi. Fundi akaitikia, akabeba boksi lake la vifaa, akaondoka. Ukimuuliza mtazamaji wa kawaida atakwambia sehemu hiyo haikuwa na kitu.

Lakini Fundi alipoondoka, kamera ikabaki kwa Mapokezi, naye akageuka. Wakauonyesha uso wake wote, karibu, muda mrefu.

Dukani hapakuwa na mtu. Nikavuta kigoda nikakiweka mahali pake kando ya meza, nikashika pasi, na kwa sauti ya kawaida nikaanza kukisimulia: macho yalivyokuwa, mdomo ulivyokuwa, jinsi alivyoshika ukingo wa meza asimwite. Nilisimulia uso ule mpaka mwisho, na sikuongeza chumvi.